Kasaji: Picha ya zamani inavyopewa kina na mwendo, na pale mhariri anapopaswa kuwa mwangalifu

Abiria anayepita Kasaji kwa gari la moshi, kwenye reli ya Tenke hadi Dilolo iliyokamilika mwaka 1931, akichungulia dirishani huona miti ya kando ya reli ikipita mbio, ya nyuma yake ikipita polepole, na pori la mbali likiwa kama limesimama. Kwa tofauti hiyo ubongo hupima umbali. Watengenezaji wa video hutumia njia hiyo hiyo kuipa picha ya zamani kina na mwendo.

Kazi huanza kwa kukata. Mtu aliyesimama mbele hutenganishwa na nyumba iliyo nyuma yake, nayo nyumba hutenganishwa na mbingu. Katika programu kama Blender au DaVinci Resolve, vipande hivyo hupangwa kimoja nyuma ya kingine, kisha kamera ya ndani ya programu husogezwa taratibu. Cha mbele huenda haraka kuliko cha nyuma, na mtazamaji huona kina bila kuvaa miwani yoyote.

Kina cha macho mawili kinadai zaidi. Mwaka 1838, Mwingereza Charles Wheatstone alieleza kwamba kila jicho huona picha tofauti kidogo, na ubongo huziunganisha kuwa moja. Kwa hiyo programu hutumia kamera mbili, ya kushoto na ya kulia. Picha moja hutiwa rangi nyekundu na nyingine samawati, na mtazamaji huvaa miwani ya rangi hizo. Blender, ambayo ni ya bure, ina uwezo huo tangu mwaka 2015.

Wapiga picha wana kanuni: nafasi kati ya kamera mbili isizidi sehemu moja ya 30 ya umbali hadi kitu cha karibu. Kitu kikiwa mita 3 mbele, kamera zisipite sentimita 10. Zikizidi, macho huchoka na kichwa huuma.

Gharama nyingine ni umeme. Video ya sekunde 10, kwa picha 25 kila sekunde, ni picha 250. Kwa macho mawili ni 500. Anayetegemea jenereta huanza na jaribio dogo.

Lakini ugumu mkubwa uko kwingine. Mtu akishakatwa, nyuma yake hubaki tundu, na mhariri hulijaza kwa ukuta au majani ambayo kamera haikuyaona. Kwa video ya harusi, hilo si neno. Kwa picha ya wafanyakazi wa reli au wa mgodi enzi za ukoloni, ambayo ni ushahidi, ni kuongeza maneno katika kinywa cha shahidi.

Sammy Baloji, msanii aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, anaonyesha njia ya uaminifu. Katika kazi yake « Mémoire » ya mwaka 2006, aliwaweka watu wa picha za ukoloni mbele ya majengo chakavu ya Gécamines. Watu ni weusi na weupe, mandhari ni ya rangi. Mtazamaji anaona wazi palipounganishwa.

Kwa familia yenye picha moja tu ya babu, kanuni ni rahisi: nakala asili isiguswe, ionyeshwe kwanza kwa sekunde chache, kisha iandikwe kwenye skrini kwamba kina na mwendo vimeongezwa.