Sarafu yenye kilema: Kosa la kiwanda au mkono wa mtu?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga waliusema msemo huu kwa bidhaa za kila namna, nao wawafaa hata wanunuzi wa sarafu za kale. Katika makasha ya mabibi zetu hapa Pwani mngali mna ndururu na senti kumi za tundu, zilizotumika Afrika Mashariki kabla Kenya haijatoa sarafu zake yenyewe mwaka wa 1966. Mtu huiona moja ina pengo ubavuni au maandishi yaliyopotoka, akaambiwa: "Hiyo ni hazina, kiwanda kilikosea!" Akatoa pesa zake, kumbe amenunua kazi ya tupa na nyundo.

Ni kweli kwamba sarafu iliyokosewa kiwandani hutafutwa sana na wakusanyaji. Lakini iliyoharibiwa baadaye aghalabu hushuka thamani. Basi yafaa msomaji ajue jinsi sarafu inavyozaliwa.

Kwanza bamba la madini hukatwa vipande vya mviringo. Ikiwa sarafu ni ya tundu, kipande hutobolewa kabla ya kupigwa chapa. Kisha huwekwa ndani ya pete ya chuma, na mihuri miwili, mmoja juu na mmoja chini, hukikandamiza kwa nguvu. Picha za pande zote mbili hutokea kwa pamoja. Kosa la kweli ni lile lililoingia katika hatua hizo. Lililotokea baada ya hapo ni jeraha.

Tuanze na mstari. Muhuri ukipata ufa, madini huingia ndani ya ufa huo, na sarafu hutoka na mstari uliosimama juu. Mkwaruzo wa kisu au wa jiwe huzama chini. Pitisha ukucha wako, utautambua.

Pili ni pengo la ubavuni. Mashine ya kukata ikiangukia mahali palipokwisha kukatwa, kipande hutoka kimemegeka mfano wa mwezi mwandamo. Kikipigwa chapa, herufi zilizo karibu na pengo hufifia kidogo kidogo, na mara nyingi ukingo wa upande unaolielekea huwa dhaifu. Pengo la tupa hukata herufi ghafula, na ukitazama kwa kioo cha kukuzia utaona alama za meno ya tupa.

Tatu ni tundu. Katika senti kumi za zamani, tundu li katikati ya pembe mbili za ndovu. Iliyokosa tundu kikweli, madini yake ya katikati ni mamoja na mengine, hayana kiungo. Iliyozibwa na fundi huonyesha duara jembamba, au risasi ya rangi mbali. Na ikiwa ina tundu la ziada lililopita juu ya herufi, hiyo aghalabu ilitobolewa kwa keekee. Mareale na marupia mengi yalitobolewa hivyo na masonara ili yatiwe kwenye vidani. Aliyefanya hivyo hakumdanganya mtu, alikuwa akipamba. Anayedanganya ni yule aiuzaye leo kwa jina la kosa la kiwanda.

Nne ni herufi zilizoandikwa kinyume na kuzama ndani. Wahuni huzibana sarafu mbili kwa jiriwa mpaka moja ikaacha alama juu ya nyingine. Kiwandani pia hutokea sarafu ikanasa kwenye muhuri na kuchapa inayofuata kinyume, lakini hapo picha huwa imeenea vizuri, wala upande wa pili haukupondeka. Ile yenye kichwa pande zote mbili, kagua ndani ya ukingo: mara nyingi ni sarafu mbili zilizochongwa zikaunganishwa.

Tena si kila ajabu ni kosa. Ziko senti tano na senti kumi za mwaka wa 1936 zenye jina la Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza aliyeacha ufalme mwaka huo huo kabla ya kutawazwa. Jina hilo liliwekwa kwa makusudi.

Kwa hiyo usikimbilie kununua. Ipime kwenye mizani ya sonara pamoja na nyingine ya namna ile ile na madini yale yale. Na iliyo yako usiisugue kwa ndimu wala jivu, maana kung'arisha nako ni kuharibu.

Kwa muuzaji, jambo li wazi katika sheria yetu ya Kiislamu: mwenye kujua aibu ya mali yake hana budi kuitaja, na mnunuzi aliyefichwa ana hiari ya kuirudisha. Tundu la keekee liitwe tundu la keekee, na bei iende na jina lake.