Je, Wajua? Kanisa la Kale Lililogeuka Nyumba ya Maarifa

Je, wajua kwamba kanisa kongwe la Rabai, kule Kilifi, halitumiki tena kwa ibada bali ni makumbusho ya historia? Na je, wajua kwamba historia hiyo inafika hadi Kitui na Makueni?

Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alianzisha misheni ya Rabai pamoja na Johannes Rebmann mwaka 1846. Mwaka 1849 alisafiri kutoka huko, akapita Kikumbulyu, iliyo Makueni ya leo, mpaka Kitui. Mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara maarufu wa pembe za ndovu. Tarehe 3 Desemba, akiwa huko Kitui, Krapf aliuona Mlima Kenya kwa mbali. Wakamba waliuita Kiinyaa, na ndilo jina lililozaa jina la nchi yetu.

Mwaka 1850 tafsiri yake ya Injili ya Marko kwa Kikamba ilichapishwa Tübingen, Ujerumani. Kivoi aliuawa na wanyang'anyi mwaka uliofuata karibu na Mto Tana, Krapf akiwa msafarani.

Ukifika Rabai, ingia: ndani ya kuta zile kuna ukurasa wa Ukambani pia.