Kaye ya majina: dakika mbili za filme zilizotufundisha kujihesabu

Watu wengi wanatuuliza: sendika na filme, vitu hivi viwili vinapatana wapi? Kazi ya sendika si kutetea mchimbaji, kuomba miti ya kushikilia shimo, kupatanisha watu na PDG wa shimo wakati wa kugawa muchanga? Ni kweli. Hata sisi wa komite tulicheka siku wale wanafunzi walipokuja kutuona. Leo hatucheki tena, na tunataka kuwaeleza sababu.

Walikuja wanne, binti mmoja na vijana watatu, wa mwaka wa tano wa sekondari hapa Kabambare. Mwalimu wao wa Kifaransa aliwapa kazi: watengeneze mwanzo wa filme, dakika mbili tu, kisha waandike kwenye karatasi walivyofanya, na juu ya nini walifanya vile. Filme nzima hakuitaka. Alitaka mwanzo. Walichagua kusimulia maisha ya karieri, na walituomba vitu vitatu: mtu wa kuwapeleka, torshi ya kichwa, na telefone yenye kamera nzuri kuliko ya kwao.

Tuliwapa, lakini tuliweka masharti. Hakuna mwanafunzi atakayeshuka ndani ya shimo: sheria ya migodi inakataza mtoto wa chini ya miaka 18 kuchimba, na sisi tunaosema hivyo kila siku hatuwezi kuivunja juu ya picha. Hakuna kumpiga mtu picha ya uso kama hajakubali. Na hakuna kuacha masomo: watakuja siku ya posho tu na saa za kisha masomo.

Damu ya mafuta ya mawese

Tuliuliza mwalimu juu ya nini mwanzo tu. Alijibu kwa mfano rahisi. Mzee anapoanza kusimulia usiku karibu na moto, maneno yake ya kwanza yanakuambia ni nani wa kumfuata, mko wapi, na ni kitu gani cha kuogopa. Kama mwanzo ni mbovu, watoto wanalala. Kama mwanzo ni wa uongo, wakubwa wanaondoka. Filme iko vilevile.

Wanafunzi walifanya jaribio la kwanza kama wanavyoona kwenye nyumba za video: mtu anakimbia, bunduki inalia, mwingine anaanguka kwenye mdomo wa shimo, damu inajaa shati. Ile damu ilikuwa mafuta ya mawese na tomati. Muziki ulikuwa wa nguvu mpaka spika ya telefone ikatetemeka. Walikuja kutuonyesha wakiwa na furaha, na sisi wanaume wa komite tulipiga makofi.

Pale palikuwa mama moja anayeuza chakula njiani kwenda karieri. Bwana yake alibaki ndani ya shimo miaka kadhaa iliyopita. Yeye hakupiga makofi. Aliuliza pole pole:

"Batoto bangu, huyu maiti ni wa nani? Iko na jina?"

Hakuna aliyejibu. Mama akaendelea. Alisema siku shimo liliporomoka, watu walichimba siku mbili. Hapo juu wanaume walikuwa wanabishana: wengine walisema mule ndani kuna watu sita, wengine tisa. Jina la bwana yake halikutoka mdomoni mwa mtu hata mmoja, sababu asubuhi ile alishuka kumsaidia rafiki, halikuwa shimo lake la kawaida. Yeye mama alikuja na ugali na sombe kama kila siku, akamtafuta, hakumwona.

"Kama singeleta sombe, hakuna mutu angejua iko mule," alisema.

Binti alizima telefone. Wiki ile hatukuwaona tena.

Mlango wa Lyon

Waliporudi, mwalimu alikuwa amewaeleza habari moja ambayo sisi wa sendika hatukuijua, nasi tunaipeleka kwenu.

Filme ambayo wengi wanaihesabu kuwa ya kwanza kabisa ilitengenezwa huko Lyon, Ufaransa, mwaka 1895, na ndugu wawili wa jina Lumière. Inaonyesha wafanyakazi wanatoka kazini. Haifiki dakika moja. Mlango wa kiwanda unafunguka, wanawake wengi na wanaume wanatoka, wengine na baiskeli, mbwa anapita, basi. Tarehe 28 Desemba 1895 waliionyesha Paris kwa watu waliolipa, na hapo sinema ya ulimwengu ikaanza safari yake.

Kwa hiyo picha ya kwanza ya sinema ilikuwa ya watu kama sisi, watu wanaotoka kazini! Tulifurahi sana. Lakini mwalimu akaongeza: kile kiwanda kilikuwa cha wale wenyewe Lumière. Mwenye kamera ndiye alikuwa patron. Tena ile picha iliigizwa zaidi ya mara moja, inajulikana kwa namna tatu, na kuna ambamo wafanyakazi wanaonekana wamevaa nguo nzuri kama za siku ya mungu. Ulimwengu mzima unajua jina la Lumière. Wale waliotoka mlangoni, nani anataja majina yao?

Tulikaa kimya tena. Ilikuwa swali la yule mama, lakini safari hii lilitoka Lyon.

Kwetu pia ilikuwa hivyo. Mzungu Livingstone alikaa huku kwetu miezi mingi mwaka 1870, miguu yake imejaa vidonda, akiandika mahali hapa kwa jina la Bambarre. Yeye ndiye aliandika, wazee wetu waliandikwa. Wakati wa Wabelgiji sinema ililetwa na mapadri na makampuni. Kule Luluabourg, ambako leo ni Kananga, padri Van Haelst alitengeneza miaka ya 1950 filme za kuchekesha za Matamata na Pilipili. Mwafrika alicheza na kutazama, lakini mwenye kuamua habari ianzie wapi alikuwa mwingine. Na leo wageni wakija na kamera kubwa kwenye karieri za mashariki, mara nyingi mwanzo unafanana: mtoto mwenye vumbi usoni, muziki wa huzuni, na sauti ya mtu ambaye hayuko pale.

Lakini Wakongomani wenyewe wameshika kamera. Kiripi Katembe, aliyezaliwa Goma, alifanya mwaka 2008 filme fupi kwa kupandisha kamera kwenye kigari cha katoni, kile watoto wanachokivuta kwa kamba, akaonyesha Kinshasa kutoka chini, karibu na udongo. Dieudo Hamadi wa Kisangani alifuata wanafunzi waliotafuta diplome katika filme Examen d'État ya mwaka 2014. Kisha aliwafuata watu walioumizwa na vita vya siku sita vya Kisangani, vya Juni 2000, waliposhuka mto kwa mashua mpaka Kinshasa kudai haki yao. Ile filme, En route pour le milliard, ilichaguliwa Cannes mwaka 2020. Tunaitaja hapa sababu inaonyesha watu wanaodai, watu wenye majina, na mtazamaji hawaonei huruma tu.

Jaribio la pili

Sasa tuwaambie mwanzo mpya ulivyokuwa. Picha ni nyeusi, unasikia nyundo inagonga jiwe. Kisha unaona mkono na biki, unaandika kwenye kaye ya shule. Wanaume wanafika mmoja mmoja kwenye mdomo wa shimo, kila mtu anasema jina lake, torshi inawaka, anashuka. Nyumbani mama anapanga sahani chini. Jioni wanapanda, na kila anayepanda jina lake linakatwa mstari. Jina moja linabaki bila mstari. Ule mkono na biki unangoja. Picha inakuwa nyeusi, na maneno mawili yanaandikwa: Nani amebaki?

Hakuna damu, hakuna bunduki. Ni dakika mbili na sekunde kidogo.

Kuitengeneza kulichukua siku tano za posho. Siku ya kwanza yote ilipotea: walipiga picha saa sita mchana, jua likawa kichwani, nyuso zote zikatoka nyeusi kama makaa. Walijifunza kungoja saa kumi, jua likilala. Siku ya pili upepo wa bonde uliingia kwenye sauti. Walifunga telefone na kipande cha sponji ya godoro, na sauti ikawa safi. Siku ya tatu mchimbaji aliyekuwa anaigiza alikuja na shati ingine, ikaonekana ameshuka na shati nyekundu na kupanda na ya buluu! Wakarudilia. Mkono wa kuandika peke yake uliwachukua mara kumi na moja, sababu biki ilikataa, ama kuku alipita.

Picha moja nzuri kuliko zote waliifuta. Ilikuwa ya baba moja anayetoka shimoni, uso umejaa udongo, anacheka. Kisha yule baba alirudi na kusema: "Miye niko na deni kule nilitoka, sipendi uso wangu uzunguke." Binti alilia karibu. Lakini aliifuta mbele ya yule baba, na tunamheshimu kwa hilo.

Sisi pia tulikosea. Prezida wa komite yetu alitaka mwanzo uanze na yeye, amesimama, akieleza sheria ya migodi ya 2018, na kwamba shimo la mchimbaji mdogo halipaswi kupita metre 30. Wanafunzi walimsikiliza kwa adabu, kisha binti akasema: "Papa prezida, yale maneno ni ya kweli, lakini mutu atalala." Prezida alikasirika siku moja. Siku ya pili alicheka mwenyewe.

Kaye haikuwako

Tulifunga shuka nyeupe kwenye ukuta, tukawasha grupu, watu wakaja, mama na watoto wakakaa mbele. Watu waliomba ile filme irudiliwe mara nne. Mara ya nne, kijana moja mchimbaji aliuliza kwa sauti kubwa:

"Hii kaye iko kwenye shimo gani? Miye sijaiona."

Hakukuwa nayo. Wanafunzi walikuwa wameibuni. Kwenye karatasi yao waliandika hivi: tulitaka mtazamaji aogope, na hatukuona kitu cha kutisha kuliko jina lisilokatwa. Walifikiri ni njia ya kusimulia tu. Ni kweli, tunapoteza watu wetu na hatujui hesabu yao. Kila mtu kwenye kile kiwanja alilijua, na hakuna aliyelisema kabla.

Mabishano yalianza palepale, na hatutawaficha. Wachimbaji wengi hawataki majina yaandikwe. Wanaogopa kaye ifike mkononi mwa mtu wa taksi, ama wa madeni, ama mwenye bunduki. Wengine wanaitwa kwa jina la utani tu. Wengine wanashuka usiku bila ruhusa ya PDG. Hofu hizi si upumbavu, zina historia.

Tulikaa majuma matatu tukizungumza, na mwisho PDG wa shimo moja alikubali kujaribu. Kaye haikai kwake wala kwetu. Inakaa kwa yule mama anayeuza chakula njiani, sababu kila mtu anapita kwake, wa mchana na wa usiku. Jina la utani linatosha, pamoja na kijiji na mtu wa kuita kukitokea kitu. Anayepanda anapitia kwake, mstari unakatwa. Juma likiisha na watu wote wamepanda, ukurasa unachomwa kwenye jiko lake. Hakuna orodha ya kuuza.

Ni shimo moja tu. Mengine bado. Kuna siku watu wanasahau, na mama anapiga kelele. Kaye haizuii udongo kuanguka: kwa hilo tunahitaji miti, pompi, na watu wasiochimba kwa pupa. Lakini udongo ukianguka, hatutabishana tena kama ni sita ama tisa.

Wanafunzi walipata pointi zao. Kwenye karatasi, kijana moja aliandika kwamba kama wangerudilia kazi, wangemweka mama na sahani mapema zaidi, sababu yeye ndiye wa kwanza kujua mtu hayupo. Tulisoma mstari ule mara mbili.

Ndugu wachimbaji wa Kabambare, wa Salamabila, wa Kasongo: kaye na biki si bei kubwa. Wamama mnaoleta chakula: muulize nani anaandika. Kama hakuna, muanze nyinyi. Filme iliishia kwenye mwanzo, na kinachofuata kiko mikononi mwetu.