Bahari Huanzia Jikoni

Karai la sambusa likishateremshwa motoni, hubaki mafuta meusi yasiyofaa kukaangia tena. Wengi wetu huyamwaga kwenye sinki, tukafuatisha maji ya moto na sabuni, tukaamini kuwa yamekwisha. Hayakwisha. Yakipoa huganda ndani ya bomba na kushikana na mabaki ya chakula, hata maji machafu yakafurika uani. Yanayopenya huteremka kuelekea baharini.

Kisiwa chetu cha Mombasa kimesimama juu ya mwamba wa matumbawe, wenye vitundu mithili ya sifongo. Uchafu wa karo huupenya mwamba huo kabla ya kuchujika vyema, ukafika visimani na katika mikono ya bahari ya Tudor na Port Reitz, penye mikoko na mazalio ya samaki na kamba. Twalalamika kuwa kisima kinanuka, ilhali karo tumelichimba hatua chache kando yake!

Basi mafuta na yaachwe yapoe, yatiwe katika chupa yenye kifuniko, yatupwe pamoja na taka. Karai lipanguswe kwa gazeti kuukuu kabla ya kuoshwa. Machicha ya nazi wapewe kuku. Nepi za kutupa zina plastiki isiyooza. Zisitiwe chooni wala mtaroni. Mwenye nafasi ya kufua atumie vitambaa, kama walivyofanya bibi zetu.

Tangu Agosti 28, 2017, sheria ya Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na kikapu cha ukili kimerudi sokoni kwa heshima. Hata hivyo, chupa na ndara zilizokatika zingali zikitupwa ovyo. Mafundi wa Lamu waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, wakalivika vipande vya ndara, nalo likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Twalionea fahari, na papo hapo twaona haya, kwani sehemu ya malighafi yake ilikuwa taka za majumbani mwetu.

Limebaki suala la karo, ambalo wengi hulikumbuka linapofurika. Gari la kunyonya majitaka lina gharama, nasi twaijua hali ilivyo. Lakini majirani wanaotumia karo moja waweza kuchanga kidogo kidogo kila mwezi, fedha akazishika mmoja wao aliye mwaminifu, na gari likaitwa kabla ya mvua za masika.