Uteuzi wa Lugha za Programu: Kazi, Watu na Urithi

Wanaisimujamii wameshikilia kwa muda mrefu kwamba ufaafu wa lugha hutegemea wazungumzaji, muktadha na lengo la mawasiliano. Makala haya yanafafanua jinsi kanuni hiyo inavyowahusu pia waundaji wa programu za kompyuta wanapoteua lugha ya kuandikia kazi yao.

Mfano mwafaka ni mtandao wa Twitter, ulioanzishwa Marekani mwaka 2006 na kubadilishwa jina kuwa X mwaka 2023. Waasisi wake walitumia Ruby, lugha iliyobuniwa na Mjapani Yukihiro Matsumoto na kutolewa mwaka 1995. Uteuzi huo ulikuwa na mashiko: Ruby husomeka kwa wepesi, na kikundi kidogo cha watu kiliweza kuunda huduma kamili kwa muda mfupi. Hata hivyo, watumiaji walipoongezeka, mitambo ililemewa na huduma ikawa inakatika mara kwa mara. Kuanzia mwaka 2008, wahandisi walihamishia baadhi ya kazi za ndani kwenye Scala, lugha ya Martin Odersky iliyobuniwa Uswisi. Mwaka 2011, sehemu ya huduma ya utafutaji iliandikwa upya kwa Java, na kampuni ikatangaza kwamba muda wa kusubiri majibu ulipungua hadi thuluthi moja. Ufanisi huo haukutokana na lugha pekee, kwani utaratibu wa kushughulikia maombi ulibadilishwa pia.

Mfano huu unadhihirisha vigezo vitatu. Kwanza ni kazi: wepesi wa kuandika na kasi ya utendaji aghalabu huvutana. Pili ni watu: lugha isiyojulikana na timu hudai muda wa kujifunza, na anayeondoka huacha msimbo ambao wenzake hawaumudu. Tatu ni urithi: Scala hutumia mazingira yale yale ya utendaji ya Java, hivyo hazina iliyokwisha kuandikwa kwa Java haitupwi.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo humkanya mvivu anayetafuta visingizio, lakini haimzuii mkulima kulichunguza shamba kabla ya kulima. Ruby iliufaa mtandao huo ulipokuwa mchanga. Ulipokua, mahitaji yake yakabadilika. Kwa hivyo, timu inayobishana kuhusu lugha iliyo bora haina budi kwanza kukubaliana ni bora kwa kazi ipi, mikononi mwa nani, na kwa muda gani.