Saa Moja kwa Siku Yatosha Kujifunza Programu za Kompyuta

Elimu ya kutunga programu za kompyuta ni elimu ya mikono, kama ulivyo ususi au ufundi cherehani. Hakuna aliyepata kuwa fundi wa nguo kwa kukariri majina ya sehemu za cherehani usiku wa kuamkia mtihani. Ni lazima akae mbele ya cherehani, akate kitambaa, akosee mshono, aufumue na kuushona upya. Ndivyo ilivyo kwa kijana wa Kasese au Bwera anayetaka kuijua misingi ya programu za objekti, namna ya kutunga programu inayotumika sana katika kazi za kompyuta siku hizi. Kukesha usiku mmoja hakutamfaa kitu. Saa moja kwa siku, kwa majuma sita mfululizo, itampa msingi wa kusimamia.

Jambo hili si la mwanafunzi peke yake, bali ni la nyumba nzima. Fedha ya karo na ya vifurushi vya intaneti hutoka katika mfuko wa familia, na wakati wa kusoma hupatikana tu pale kazi za nyumbani zinapogawanywa kwa haki. Mzazi asiyejua mtoto wake anajifunza nini hawezi kumlindia wakati huo.

HAJA YA HESABU SAHIHI

Zamani Wilaya ya Kasese ilijulikana kwa shaba ya Kilembe. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956 ili kuisafirisha shaba hiyo. Baadaye uchimbaji ulififia, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukasimama. Leo riziki ya nyumba nyingi hutokana na kahawa ya miteremko ya Rwenzori, chumvi ya ziwa Katwe, na biashara ya mpaka wa Mpondwe, jirani na Bwera, ambako wafanyabiashara wa Uganda na wa Kongo hukutana.

Kazi zote hizo zina madaftari. Kuna daftari la kilo za kahawa, daftari la magunia ya chumvi na daftari la malori yanayovuka. Daftari likikosewa kwa mstari mmoja, mama aliyechuma kahawa kwa miezi hulipwa pungufu, na karo ya mtoto huingia mashakani. Katika mambo ya afya hatari huwa kubwa zaidi. Mwezi Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka kutoka Kongo, wagonjwa walitunzwa Bwera, na kila aliyekuwa karibu nao alipaswa kuangaliwa kwa siku 21. Katika kazi kama hiyo jina lililosahauliwa au siku iliyohesabiwa vibaya yaweza kugharimu maisha ya watu.

Kwa hiyo kijana anayejifunza kutunga programu anajifunza kutunza amana za watu, na amana haitunzwi kwa elimu ya kubahatisha.

ASILI YAKE NI FOLENI

Watu wengi hudhani kuwa elimu hii ilitokana na mawazo makavu ya wanahisabati. Ukweli ni kwamba ilianzia katika mambo ambayo mkazi wa Mpondwe huyaona kila siku. Katika miaka ya 1960 wataalamu wawili wa Norway, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliokuwa katika Kituo cha Kompyuta cha Norway mjini Oslo, walitaka kuiga kwa kompyuta mambo kama foleni za watu wanaosubiri huduma na vyombo vinavyosubiri kupakuliwa. Waliona ni vigumu kuyaeleza mambo hayo kwa orodha moja ndefu ya amri. Wakaona afadhali kila mtu au chombo kilicho katika foleni kiwe na habari zake na vitendo vyake ndani ya programu. Kutokana na wazo hilo ilizaliwa lugha ya Simula, na toleo lake la mwaka 1967 ndilo chimbuko la programu za objekti.

Lugha nyingine zilifuata. Python ilitolewa mwaka 1991 na Java mwaka 1995. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 Uganda imekuwa ikikusanya takwimu za afya za wilaya zake kwa mfumo wa DHIS2, uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na ambao sehemu yake ya ndani imeandikwa kwa Java. Wazo lililozaliwa Oslo limefika mpaka katika hesabu za zahanati za vijijini.

KLASI NA OBJEKTI

Yafaa kwanza maneno mawili yaeleweke. Chama cha wakulima kikichapisha daftari la mwanachama, kila daftari jipya huwa na nafasi za kujazwa: jina, kijiji, na kilo alizoleta. Mpango huo wa nafasi, kabla haujajazwa, ndio mfano wa klasi. Daftari likishaandikwa jina la mkulima na kilo zake, hilo ni objekti. Klasi ni moja, objekti ni nyingi; na kila objekti hutunza habari zake bila kuzichanganya na za jirani.

Lakini objekti huzidi daftari kwa jambo moja: ina vitendo. Huweza kuamriwa kupokea kilo, kujumlisha, au kutaja malipo. Mwanafunzi anaweza kuiita klasi yake Mkulima na kitendo chake pokea, kwani maneno ya Kiingereza yanayodaiwa na lugha ya kompyuta ni machache, na majina mengine hujichagulia mwenyewe. Anayefikiri kwa Kiswahili au kwa Lhukonzo hana haja ya kungoja mpaka Kiingereza chake kiwe fasaha.

NGUZO TATU

Nguzo ya kwanza ni ufichaji. Kilo za mkulima zisiachwe wazi kubadilishwa na mkono wowote. Ziguswe kwa kitendo cha pokea pekee, nacho kikatae namba iliyo chini ya sifuri, na kimuulize karani tena anapoandika 600 mahali ambapo wakulima huleta 60. Ufichaji ni kufuli ya daftari.

Nguzo ya pili ni urithi. Kahawa ni bidhaa, na chumvi ni bidhaa. Yale yanayofanana, yaani uzito na bei, huandikwa mara moja katika klasi ya Bidhaa, na klasi za Kahawa na Chumvi huyarithi. Kisha Kahawa huongezewa la kwake, kama vile kiasi cha unyevu. Hapa wanafunzi wengi hujikwaa, kwa kuwa hupenda kurithisha kila kitu. Kiswahili chenyewe huwapa kipimo chepesi. Ikisemwa kwamba kahawa ni bidhaa, urithi wafaa. Ikisemwa kwamba mkulima ana gunia, urithi haufai, kwani gunia si aina ya mkulima. Gunia liwe objekti iliyo ndani ya objekti ya mkulima. "Ni" huelekeza kwenye urithi, na "ana" huelekeza kwenye umiliki.

Nguzo ya tatu ni mwitikio wa namna nyingi, na msemaji wa Kiswahili huijua tangu utotoni. Mzizi "-zuri" ni mmoja, lakini husemwa mtoto mzuri, kiti kizuri na nyumba nzuri. Kila jina huitikia kwa kufuata ngeli yake. Vivyo hivyo amri moja ya "taja thamani" ikipelekwa kwa Kahawa, jibu hutafutwa kwa kilo na unyevu; ikipelekwa kwa Chumvi, hutafutwa kwa magunia; ikipelekwa kwa Mbuzi, kwa kichwa. Anayetoa amri hana haja ya kujua kila bidhaa hupiga hesabu yake vipi.

KOSA LISILOFUNDISHWA NA KUKARIRI

Mwanafunzi mwenye kichwa chepesi anaweza kuyakariri yote hayo kwa siku mbili na kuyajibu katika mtihani. Hata hivyo, akipewa kazi ya kweli hushindwa, na mfano ufuatao waonyesha sababu.

Tuseme ametunga klasi ya Mkulima kwa lugha ya Python. Mkulima wa kwanza analeta kahawa mara tatu: kilo 42, kilo 38 na kilo 55, jumla kilo 135. Wa pili analeta mara moja, kilo 60. Mwanafunzi anaiamuru programu itaje jumla ya kila mmoja. Inajibu kilo 195 kwa wa kwanza, na kilo 195 kwa wa pili. Hakuna onyo lolote lililotokea. Programu imekwenda mpaka mwisho kwa utulivu, nayo imesema uongo.

Sababu yake ni kwamba orodha ya kilo iliandikwa katika klasi yenyewe, badala ya kuundwa upya kila mkulima anapoandikishwa. Kwa hiyo wakulima wote wawili walikuwa wakiandikiwa katika ukurasa mmoja. Dawa yake ni kuihamisha orodha hiyo katika kitendo cha kuanzisha, ambacho hufanya kazi kila objekti mpya inapozaliwa, ili kila mkulima apate orodha yake. Dawa ni mstari mmoja tu, lakini aliyekariri hataujua, kwa maana hajapata kuiona 195 ikimtazama mara mbili. Aliyekutana na kosa hilo jioni moja, akalihangaikia, akalitengeneza na kuliandika katika daftari lake, hatalisahau kwa wepesi.

MPANGO WA MAJUMA SITA

Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kumbukumbu. Alionyesha kwamba mambo yaliyokaririwa husahauliwa upesi, na kwamba kurudia kulikogawanywa katika siku kadhaa hushinda kurudia kwingi kwa mfululizo mmoja. Wazee walikwisha kulisema hilo kwa kifupi: bandu bandu huisha gogo.

Saa ya kila siku yaweza kugawanywa hivi. Dakika 10 za kwanza ni za kuandika upya, bila kutazama, kazi ya jana. Dakika 35 ni za jambo jipya moja, wala si mawili. Dakika 15 za mwisho ni za daftari la makosa: kosa lilikuwa nini, lilionekanaje, liliondolewa vipi. Siku moja ya juma iwe ya mapumziko, kwa kufuata ibada ya nyumba. Kwa majuma sita hupatikana saa 36.

Juma la kwanza ni la klasi na objekti. La pili ni la ufichaji. La tatu ni la objekti iliyo ndani ya objekti nyingine, kama gunia la mkulima. La nne ni la urithi, na la tano la mwitikio. La sita liwe la kazi nzima: daftari la kahawa la nyumba moja tangu kuandikisha mkulima hadi kutaja malipo. Kila mara hesabu ifanywe kwanza kwa kalamu, ndipo iulizwe kompyuta. Asiyejua jibu sahihi kabla ya kuuliza hana njia ya kujua kama amedanganywa.

Asiye na kompyuta asikate tamaa. Programu fupi yaweza kuandikwa kwa penseli na kufuatwa mstari kwa mstari, huku thamani ya kila kitu ikiandikwa pembeni. Zoezi hilo hujenga akili kuliko kubonyeza ovyo. Simu ya kisasa nayo huweza kuendesha Python bila intaneti, mradi programu inayohitajika imekwisha pakuliwa. Yule anayefika katika chumba cha kompyuta cha shule mara moja kwa juma aende na kurasa alizoandika nyumbani, ili wakati huo mfupi utumike kujaribu, si kuanza kufikiri.

WAJIBU WA NYUMBANI

Mzazi hahitaji kujua Python ili amsaidie mtoto wake. Mambo matatu yamo katika uwezo wake. La kwanza ni kuiweka saa hiyo mahali pamoja kila siku, kwa mfano baada ya chakula cha jioni, na kuhakikisha taa au simu imechajiwa mchana. La pili ni kugawa kazi kwa haki. Katika nyumba nyingi binti ndiye achotaye maji, apikaye na aoshaye vyombo, na anapoketi kusoma usingizi umekwisha mshika, ilhali kaka yake amepumzika tangu saa kumi na moja. Kaka akishika ndoo na sufuria kwa zamu, nyumba hupata wanafunzi wawili badala ya mmoja.

La tatu ni kumpa mtoto kazi ya kweli. Mama mwenye daftari la kahawa amwonyeshe, amweleze magunia huhesabiwa vipi, na wapi makarani huzoea kukosea. Kisha aidai programu itoe jumla ile ile aliyoipata yeye kwa kalamu. Zikitofautiana, mama na mwana wakae pamoja watafute ni nani kati ya kalamu na kompyuta aliyekosea. Mtihani wa namna hiyo haukaririki, na aliyeufaulu aweza kukabidhiwa daftari la jirani.