Damu Nayo Ichangwe

Malaria haina likizo. Katika kaunti ya Busia, kutoka Malaba hadi ufuoni mwa Ziwa Viktoria, maradhi hayo huwapunguzia watoto wachanga damu hadi wakahitaji kuongezewa. Akina mama nao huvuja damu wanapojifungua. Hata hivyo, kwa miaka mingi akiba ya damu nchini Kenya imewategemea mno wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, akiba hupungua. Na likizo ya Aprili huangukia masika, wakati mbu wanapozaana.

Damu nzima, hata ikiwekwa kwenye baridi ifaayo, huhifadhika kwa takriban siku 35 tu. Iliyopatikana mwanzoni mwa muhula haifiki likizo. Ndiyo maana jamaa za mgonjwa huanza kutafuta wa kuwaauni wakati mgonjwa keshazidiwa.

Tumezoea kusema "kutoa damu". Kitenzi hicho humwonyesha mtu anayepungukiwa. "Kuchanga" humweka miongoni mwa wenzake: achangaye leo huchangiwa kesho. Tunachangia karo na mazishi. Mbona damu tumewaachia watoto wetu?

Mtu mwenye afya njema, wa umri wa miaka 16 hadi 65 na uzani wa kilo 50 au zaidi, anaweza kuchangia. Wahudumu wa afya ya jamii na walimu walieleze jambo hili vijijini kwa Kikhayo, Kisamia na Kiteso. Kisha walimu wenyewe watangulie kukunja mikono ya mashati, hasa shule zinapofungwa.